Kirungu Kilichofungwa Waya

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Kama lori limefika salama, na dereva wake hakumgongesha Ajuza, gari langu kuukuu, kwenye kona yoyote, basi najua umekwisha kulia kwa furaha kabla ya kuifungua bahasha hii. Futa machozi usome vizuri, maana gari hilo halina adabu kwa mtu asiyelijua. Sisi hapa hatujambo kabisa. Mkazamjomba wako anakusalimu.

Wewe ni fundi wa vyerehani na hujawahi kushindwa na mashine, hilo nalijua. Lakini Ajuza ni mzee kuliko ndoa yangu, na ana viungo ambavyo magari ya siku hizi yamevisahau. Betri ikigoma, chukua hendeli iliyo chini ya kiti cha nyuma, ichomeke puani mwake, uzungushe. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie chuma, kwa sababu injini ikirudisha teke itakuvunja mkono. Ukitaka kukata kona, taa za kuwakawaka hana. Ana vimikono viwili vilivyojificha kwenye nguzo za milango. Ukigeuza swichi, kimoja kinachomoka nje kuonyesha unakoelekea. Kikikataa kurudi, ipige nguzo ngumi kutoka ndani. Asubuhi ya baridi mvute choki kidogo anywe mafuta zaidi, na akianza kukohoa, mrudishie. Joto likizidi, sukuma kioo cha mbele kwa chini, kinafunguka kama dirisha.

Chini ya dashibodi, karibu na goti lako la kushoto, kuna kirungu cheusi kilichofungwa waya. Hicho usikiguse. Kimefungwa miaka mingi na kibaki hivyohivyo.

Sasa la harusi yako. Najua nilikuahidi kukupeleka mwenyewe. Nilimpeleka mama yako, nikawapeleka dada zako wote, kila mmoja amekaa kiti cha nyuma cha Ajuza na mimi mbele na kofia yangu. Wewe ndiye uliyebaki. Lakini macho yangu siku hizi si ya kuaminiwa. Gari ni lako, ni zawadi yangu. Tafuta dereva mwingine, kijana, umfundishe haya niliyokuandikia.

Mjomba wako

---

Tarehe 12 Februari

Mjomba,

Nimelia, ndiyo. Kwanza kwa furaha. Halafu nikafika kwenye aya yako ya mwisho.

Nitaanza na habari za mgonjwa. Ajuza yupo uani nyuma ya duka la mikate la mchumba wangu, kati ya magunia ya unga na baiskeli za kusambazia mikate. Siku ya kwanza alikataa kuwaka, mchumba wangu akasema hendeli ni jambo dogo, mtu anayekanda unga tangu alfajiri hawezi kushindwa na chuma. Nikamsomea habari za kidole gumba. Akasema amesikia. Hakusikia. Sasa anakanda kwa mkono mmoja na mwingine ameufunga bendeji, na wateja wanamwuliza kama tumeanza kupigana kabla ya ndoa.

Vimikono vimenitia aibu njia nzima. Cha kushoto kilitoka kikagoma kurudi, watu wakawa wananipisha kila njia panda na mimi siendi kushoto. Nilipiga nguzo ngumi mpaka nikaumia, kumbe nilikuwa napiga nguzo ya upande mwingine.

Sasa nijibu, Mjomba. Unasema macho. Barua yako imeandikwa kwa herufi ndogo kama mchele na mistari imenyooka kuliko mshono wangu. Mtu mwenye macho mabovu haandiki hivyo. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa napanda kiti cha nyuma, najifunika pazia la mama kichwani, nakuamuru unipeleke harusini, na wewe unapiga honi na kusema, "Ndiyo, bibi harusi." Tulikuwa tumesimama palepale bandani lakini mimi nilikuwa naenda. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Simtaki kijana. Nakutaka wewe.

Sindano wako

---

Tarehe 21 Februari

Mpwa wangu,

Pole kwa mchumba wako. Mwambie mkono ukae ndani ya maji ya uvuguvugu na chumvi, na siku nyingine akisomewa kitu asikilize.

Haya, si macho peke yake. Ni mgongo pia. Uzee unaingia kwa milango mingi, sioni sababu ya kukuhesabia yote. Dereva ni dereva tu, mpwa wangu. Anayeangaliwa siku hiyo ni bibi harusi, hakuna anayeangalia kisogo cha mtu aliye mbele.

Nilisahau kukueleza mambo mawili. Ajuza hana kipimo cha mafuta. Akianza kurukaruka kama mwenye kwikwi, usiogope: inama, kuna koki ndogo sakafuni karibu na kiti, igeuze, utapata mafuta ya akiba ya kukufikisha nyumbani. La pili ni taa. Swichi ya kupandisha na kushusha mwanga iko chini, kushoto mwa klachi, unaikanyaga kwa mguu. Kwenye gari hilo mguu wa kushoto haupumziki, huku klachi huku taa. Watu hawajui mguu wa kushoto ni kitu gani. Wanadhani upo tu.

Usiniandikie tena habari za kiti cha nyuma na pazia. Mimi ni mtu mzima.

Mjomba wako

---

Tarehe 2 Machi

Mjomba,

Kwikwi zilimshika jana katikati ya barabara ya maghala. Nilikuwa nimebeba vyerehani viwili vya mteja. Nikainama, nikageuza koki, Ajuza akameza mate akaendelea. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilitaka kukusimulia papo hapo, halafu nikakumbuka nimekukasirikia.

Macho, mgongo, halafu nini? Meno? Nimewaza sana, na nimefika mahali pabaya, kwa hiyo nitasema waziwazi. Kama humtaki mchumba wangu, sema. Nilipomleta kwako mwaka jana ulimwuliza kazi yake, akasema anaoka mikate, ukaenda kufuta gari. Dada zangu wameolewa na watu wa maofisini ukawapeleka wote. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kunipa zawadi huku unaukimbia mlango wangu.

Nimemwambia mama hivyohivyo, naye akaangalia chini akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Basi nimeamua. Ajuza atabaki uani siku hiyo, na mimi nitatembea kwa miguu kutoka kwa mama hadi ukumbini na gauni langu. Wakiuliza, nitawaambia mjomba wangu amechoka.

Mpwa wako

---

Tarehe 9 Machi

Sindano mwanangu,

Huyu ni mkazamjomba wako. Naandika hapa jikoni, mjomba wako amelala. Akijua ataninunia mwezi mzima, na mimi nimekwisha kuamua aninunie.

Barua yako ameisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, akakataa kula. Hakuna kitu anachokipenda kama huyo mwoka mikate wako. Siku ile mlipoondoka aliniambia, "Mtu aliyezoea kuamka mapema hawezi kumchelewesha mke." Alienda kufuta gari kwa sababu alitaka mchumba wako alione likiwa safi.

Mjomba wako amekatwa mguu. Ni wa kushoto, juu ya goti, tangu Novemba. Kilianza kidonda kidogo cha kiatu, na sukari yake unaijua, na yeye ni mbishi unamjua. Mama yako alikuja hospitali. Aliyetukataza wote ni mgonjwa mwenyewe. Alisema huu ni mwaka wako wa kuolewa na hataki uupitishe ukilia. Ndiyo maana kila ulipotaka kuja kututembelea tulikuwa na udhuru.

Magongo yapo, anatembea nayo vizuri. Mguu wa bandia wanasema bado, mpaka pale palipokatwa papone vizuri. Lakini kila asubuhi alikuwa anakwenda bandani, anakaa kwenye kiti mbele ya gari, anamwangalia Ajuza. Siku moja akaniambia, "Mpigie simu mtu wa lori." Nilimwona anavyolisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Sijawahi kumwona hivyo hata hospitali.

Si kwamba hataki kukupeleka, mwanangu. Hawezi. Klachi ataikanyaga na nini?

Usimlilie kwenye barua. Hicho ndicho anachokiogopa.

Mkazamjomba wako

---

Tarehe 19 Machi

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mkazamjomba. Leo nina maswali ya kifundi tu.

Nimekata waya wa kirungu cheusi. Subiri, usitupe barua. Nilikuwa chini ya dashibodi na tochi mdomoni natafuta mahali ulipo mzizi wa vile vimikono, nikaona kirungu kinaunganishwa na kamba ya chuma inayokwenda nyuma, mpaka kwenye sanduku la gia. Kitu kisicho na kazi hakiendi mbali hivyo. Nikamwita fundi wa gereji ya jirani. Akasema hajawahi kukiona maishani mwake. Tukalala wote wawili chini ya gari tukicheka na kubahatisha.

Aliyetupa jibu ni cherehani. Unajua lile gurudumu la pembeni: ukilegeza kile kirungu cha katikati, gurudumu linazunguka kujaza uzi, lakini sindano haishuki. Nikamwambia fundi, hapa kuna kitu kinachoachia. Tukakivuta, tukamtoa Ajuza barabarani. Mjomba, ni friwili! Kama baiskeli: ukiacha kukanyaga, inaenda yenyewe. Ukiinua mguu kwenye mafuta, gari linateleza kivyake na injini inabaki inanguruma taratibu kivyake. Na wakati huo gia inaingia bila kukanyaga klachi. Ya pili, ya tatu, kurudi ya pili, laini kama kisu kwenye mkate wa moto.

Halafu kuna kile kijiti cha mafuta cha mkono, kwenye usukani, ambacho ulikuwa unaniambia ni cha kuchezea watoto.

Jumapili iliyopita niliukunja mguu wangu wa kushoto, nikaukalia. Nikauzunguka uwanja wa maghala mara nyingi mpaka mguu ukafa ganzi. Nimeendesha, Mjomba. Kwa mguu mmoja.

Swali langu ni hili: kwa nini ulikifunga?

Sindano

---

Tarehe 27 Machi

Wewe Sindano,

Kwa hiyo domo la mtu wa jikoni limefunguka. Nimemnunia, na yeye ananiwekea chakula na kuimba.

Unauliza kwa nini nilikifunga. Hukujiuliza kwa nini mtu afunge kitu kwa vifundo vitatu? Kwa sababu friwili ikiwa imevutwa, injini haikusaidii kushika gari kwenye mteremko. Zimebaki breki peke yake. Tulikuwa tumeoana karibuni, mkazamjomba wako yuko kando yangu na kapu la mayai mapajani. Tunashuka mlima wa nyumbani, mimi najidai kijana, nimekivuta ili kubana mafuta. Breki zikapata moto zikalegea. Tuliishia ndani ya ua wa mtu, roho mkononi, mayai kila mahali. Alishuka, akaenda kumwomba mwenye ua kipande cha waya, akarudi akakifunga yeye mwenyewe. Sikuwahi kukifungua, wala sikuthubutu. Miaka imepita nikasahau hata kwamba kinaingiza gia bila klachi.

Na sasa unataka mlemavu apande gari la namna hiyo, na bibi harusi nyuma? Watu wakae pembeni wakiangalia mzee anavyohangaika? Mimi nilikuwa nasimamisha gari mlangoni mpaka kikombe cha chai kwenye dashibodi hakitikisiki. Acha wanikumbuke hivyo. Sitaki kuwa kichekesho kwenye harusi yako. Jibu langu ni hapana, na usinirudie.

Mjomba wako

Halafu, kuondoka ulifanyaje? Pale gari limesimama kabisa, friwili haisaidii. Klachi lazima.

Ni mimi, mkazamjomba. Ameniachia nikaipeleke posta. Ule waya niliufunga mimi, na mimi nasema ulifanya vizuri kuukata.

---

Tarehe 3 Aprili

Mjomba mpendwa,

Unaniambia nisikurudie halafu unaniuliza swali. Haya.

Kuondoka: breki ya mkono juu, mguu wa kulia unavuka kwenda kwenye klachi, gia ya kwanza. Mkono wa kulia unavuta kijiti cha mafuta kidogo, mpaka injini iimbe. Unaachia klachi polepole kwa huohuo mguu wa kulia, na breki ya mkono inashuka. Gari likishaondoka, unarudisha kijiti, mguu unarudi kwenye mafuta na breki, na klachi huihitaji tena. Kusimama: inua mguu, aanze kuteleza, mtoe kwenye gia kabla hajasimama. Ukichelewa, atazima kwa aibu. Kwangu alizima mara nyingi sana.

Tabu ni moja tu. Pale pa kuondoka inahitajika mikono mitatu. Mimi nilisaidiwa na fundi, alikaa kando akishusha breki ya mkono nilipomwambia. Wewe utahitaji mtu wa kukaa kando yako.

Kuhusu mlima: hapa kwetu hakuna mlima. Kutoka kwa mama hadi ukumbini hata maji yakimwagika hayajui yaende wapi. Breki zote zimefanywa upya. Swichi ya taa ya mguuni usiiwazie, tutakwenda mchana.

Mjomba, nilikuandikia maneno mabaya na wewe ulikuwa kwenye magongo. Naumia kila nikiyakumbuka. Sikuonei huruma. Nakuonea wivu, kwa sababu umekuwa na Ajuza miaka yote hiyo na mimi ndiyo kwanza namjua. Kuhusu kichekesho: mimi ndiye niliyezunguka mji mzima na kimkono cha kushoto nje, mchumba wangu amevunjwa kidole na hendeli aliyosomewa. Ukoo umekwisha kuchekesha, huwezi kutuzidi.

Njoo wiki moja kabla. Uwanja wa maghala ni mtupu kila jioni. Ukijaribu ukashindwa, nitatembea kwa miguu na wewe utakaa kando ya mama, na hakuna atakayejua kwamba ulijaribu. Mama amekwisha kutandika kitanda chumba cha chini. Piga moyo konde uje.

Sindano wako

---

Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu,

Tunafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usije stendi na msururu wa watu.

Masharti yangu: mchumba wako asiiguse hendeli. Kofia yangu ipigwe pasi. Na wa kukaa kando yangu kushika breki ya mkono nimempata. Nilimwuliza nikidhani atakataa. Aliuliza tu kama kutakuwa na mayai.

Mjomba wako

---

Tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Nakuandikia kutoka huku mapumzikoni, mume wangu bado amelala, ni siku ya kwanza maishani mwake kulala mpaka jua kuchomoza na nimeona nimwache. Najua mko bado kwa mama, kwa hiyo barua hii itakufikia haraka.

Nataka nikuulize jambo ambalo siku ile sikupata nafasi. Safari nzima ilikwenda kama ndoto. Uliponiambia, "Ndiyo, bibi harusi," na kupiga honi, nilishukuru kwamba nina shela usoni. Nilikuwa naangalia kisogo chako na bega la mkazamjomba, mkono wake umekaa juu ya breki kama ameshika mtoto, na kimkono cha kushoto kimetoka na kimegoma kurudi, watu wanatupisha kila njia panda.

Lakini tulipofika mlangoni ulizima injini ukabaki umekaa. Kwa dada zangu wote ulishuka, ukavua kofia, ukawafungulia mlango. Kwangu mume wangu ndiye aliyekuja kufungua. Wewe ulikuwa umeshika usukani kwa mikono miwili, unaangalia mbele, mabega yanatetemeka. Nilidhani unalia. Mkazamjomba alinipungia niende tu, nikaenda. Tangu hapo nawaza kwamba nilikusukuma mno. Kama nilikuumiza, niambie. Usinifiche tena kitu.

Sindano wako

---

Tarehe 10 Mei

Bibi harusi,

Hujaniumiza. Nilikuwa nacheka.

Nilizima injini, kikombe cha chai kingekaa kwenye dashibodi bila kutikisika, niulize mimi. Nikafungua mlango wangu, nikatoa mguu, nikanyoosha mkono nyuma ya kiti kuchukua magongo nije kukufungulia. Hayapo. Namwuliza mkazamjomba wako, "Yako wapi?" Ananiangalia, ananiuliza mimi. Ndipo nikakumbuka: yalikuwa yameegemea ukuta wa mama yako, pale nilipoyaweka ili nivae kofia. Nilikwenda mpaka garini nikishikilia mlango na bega la mkazamjomba wako, nikakaa, nikawaza choki, nikawaza klachi, nikakuwaza wewe nyuma. Tumevuka mji mzima na hakuna aliyeyakumbuka.

Mpwa wangu, tangu Novemba nikifumbua macho kitu cha kwanza natafuta magongo. Naota nayo. Siku ile nimeyasahau. Niliyasahau kama mtu anavyosahau mwavuli. Ndiyo maana nilishindwa kutoka, nikacheka mpaka nikalowa machozi, na mkazamjomba wako akanipiga kofi la bega akisema watu watadhani tumelewa. Baadaye mumeo alirudi, akaniinua kama gunia la unga akanikalisha meza ya mbele. Mkono wake umepona, nimehakikisha.

Tutabaki hapa kwa mama yako kwa muda. Mlima wa nyumbani si wangu tena, hilo nalijua, lakini huku ni tambarare. Jirani mwenye binti anaolewa Juni amekuja kuuliza kama Ajuza hukodishwa. Nikamwambia gari ni la mpwa wangu, mimi ni dereva tu, nitamwuliza.

Basi nakuuliza.

Mjomba wako, dereva